Safaricom Si Ukoo Wetu

Wasomaji wa Garissa, Wajir na Mandera, hoja hizi mmezisikia, na baadhi yenu mmezitoa wenyewe: sokoni, kwenye vibanda vya chai baada ya alasiri, na katika mabaraza ya chifu kila mtandao unapopotea. Zinasema Safaricom ilitukumbuka tulipokuwa tumesahauliwa. Zinasema ni kampuni yetu, kwamba ada zake ni kosa la serikali, kwamba inaiheshimu dini yetu, na kwamba anayeilaumu hana shukrani au, baya zaidi, anawafurahisha wanaolipua milingoti. Nimezisikiliza kwa makini, kwa sababu wanaozitoa si wajinga wala hawajanunuliwa. Ni watu wenye mapenzi ya kweli. Naomba mkae kama mahakimu. Nitaieleza kila hoja kama mwenyewe anavyoieleza, kisha tuipime.

Kuna jambo moja ambalo sibishani nalo. Safaricom ilipoingia sokoni mwaka 2000, ilimtoza mteja kwa sekunde wakati mshindani wake, Kencell, alikuwa akitoza kwa dakika nzima. Kwa mtu wa kipato kidogo hiyo ilikuwa nafuu kubwa. Tarehe 6 Machi 2007 ilizindua M-Pesa, na mfugaji anayeuza ng'ombe katika soko la mifugo la Garissa akapata njia ya kurudi Balambala au Hulugho bila burungutu la noti kiunoni. Kazi hiyo inastahili sifa, nami naisifu. Ninachopinga ni hatua inayofuata, pale sifa ya kazi inapogeuka kuwa utiifu kwa mwenye kampuni, na swali la mteja likaonekana kama tusi kwa mzazi.

Tuanze na hoja iliyo karibu zaidi na moyo: kwamba Safaricom ilitufikia wakati wengine wote walitupa kisogo. Mabenki yalikuwa machache, barabara mbovu, ofisi za serikali mbali, lakini mlingoti wa simu ukasimama. Kwa mji wa Garissa na miji mingine mikubwa ya kaunti zetu, hiyo ni kweli. Sasa tazameni nje ya miji. Mwaka 2016 uchunguzi wa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ulibaini kata ndogo 164 nchini ambazo hazikuwa na mawimbi ya simu hata kidogo, nyingi zikiwa katika maeneo makavu ya kaskazini. Hiyo ilikuwa miaka kumi na sita tangu kampuni ianze kuuza huduma. Kilichoanza kubadilisha hali hiyo ni Hazina ya Huduma kwa Wote, iliyoundwa na sheria ya mwaka 2009, ambayo kampuni zenye leseni huichangia asilimia 0.5 ya mapato yao. Ni kwa fedha za hazina hiyo ambapo Safaricom na Telkom zilipewa kandarasi ya awamu ya kwanza, kata ndogo 78. Mpenzi wa kampuni atasema, na ana haki, kwamba Safaricom ndiyo mchangiaji mkubwa wa hazina hiyo. Naam, kwa sababu ina mapato makubwa zaidi na sheria inadai. Anayelipa anachodaiwa na sheria anastahili risiti, na anayejenga kwa kandarasi anastahili malipo ya kandarasi. Hakuna kati ya hayo linalotuwekea deni la mapenzi.

Hapo ndipo penye mgongano ambao watetezi hawajawahi kuutatua. Mtandao unapofika kijijini, wanasema kampuni ilikuja kwa huruma. Mtandao usipofika, wanasema kampuni ni ya biashara, msiitarajie ijenge penye hasara. Watu hao hao, katika kikao kimoja, huyasema yote mawili. Lazima wachague. Ikiwa ni huruma, basi iulizwe kwa nini huruma iliishia kwenye barabara kuu. Ikiwa ni biashara, basi tuzungumze kibiashara: bei, ubora, muda wa kukarabati, na fidia huduma inapokatika.

Hoja nyingine hutolewa kwa sauti ya chini, nami naiheshimu kuliko zote. Inasema: kampuni hii ilituona Wakenya kabla dola haijatuona. Msomali wa Garissa alisimamishwa kwenye kizuizi cha daraja la Tana aonyeshe kipande; alipoomba kitambulisho cha taifa aliitwa mbele ya kamati za kumchuja ambazo mwenzake wa Nyeri hakuzijua. Lakini alipopiga simu, sekunde yake ilikuwa na bei sawa na sekunde ya mtu wa Nairobi, na hakuna aliyemuuliza baba yake alizaliwa wapi. Naelewa kwa nini usawa huo, hata mdogo kiasi hicho, ulishika moyo. Watu waliozoea kushukiwa hawasahau mahali walipohudumiwa bila kushukiwa.

Lakini fuateni njia hiyo hadi mwisho wake. Tangu siku ya kwanza M-Pesa ilifunguliwa kwa kitambulisho, na baadaye laini yenyewe haikusajiliwa bila hicho. Kwa hiyo aliyenyimwa kitambulisho na kamati za uchujaji alinyimwa pia M-Pesa. Fikirini maelfu ya Wakenya wa Garissa ambao majina yao yamo kwenye sajili ya wakimbizi ya Dadaab kwa sababu wakati wa ukame familia zao zilikwenda kambini kutafuta chakula. Hao walibaki miaka mingi wakitumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya wengine. Sheria hiyo ni ya serikali, siidai kampuni. Nasema tu kwamba usawa tunaousifu ulianza baada ya mlango ambao wengi wetu hatukuweza kuupita. Na uchujaji ule ulipotangazwa kufutwa, Februari 2025 mjini Wajir, tangazo lilitoka kwa Rais, baada ya miaka mingi ya malalamiko ya viongozi, mashirika ya haki na wananchi wa kaskazini. Ni malalamiko yaliyoufungua mlango huo. Subira na utiifu vilikuwapo miaka yote na havikuufungua.

Wengine husimama kwenye uzalendo: M-Pesa ni uvumbuzi wetu na Safaricom ni mali yetu. Hili halihitaji muda mrefu. M-Pesa ilibuniwa ndani ya Vodafone ya Uingereza, Nick Hughes na Susie Lonie wakiiongoza, kwa msaada wa fedha wa serikali ya Uingereza, na ikajaribiwa mwaka 2005 pamoja na taasisi ya mikopo ya Faulu. Wakenya waliifanya iwe kubwa kwa kuitumia, na wahandisi na mawakala Wakenya waliijenga mtaa kwa mtaa. Heshima hiyo ni yao. Lakini jina lenyewe la M-Pesa lilikuwa mali ya Vodafone hadi 2020, Safaricom na Vodacom zilipolinunua. Kuhusu umiliki, mwaka 2008 serikali iliuza asilimia 25 ya kampuni, hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 kila moja, na mamia ya maelfu ya Wakenya wakapanga foleni. Mwaka uliofuata hisa hiyo iliuzwa kwa chini ya shilingi 3. Aliyenunua ana haki ya kuhudhuria mkutano wa wenye hisa na kuihoji bodi. Mtetezi anayesema "ni yetu" kisha anamnyamazisha anayehoji anatupa jina la mwenye mali na wajibu wa mtumwa.

Kisha husemwa kwamba kabla ya M-Pesa hatukuwa na njia ya kutuma pesa. Wanaosema hivyo wamewasahau wazee wao. Hawala ilikuwapo Garissa, Eastleigh na Dadaab kabla ya mtu yeyote kusikia jina la M-Pesa, ikileta pesa kutoka Minneapolis, London na Dubai kwa simu moja na neno la mtu anayeaminika. M-Pesa iliongeza jambo ambalo hawala haikulifanya vizuri: kiasi kidogo sana, saa yoyote, kwa mtu usiyejuana na ukoo wake. Hilo nalikubali bila kinyongo. Ila tuna kipimo halisi cha dai kwamba hatukuwa na kingine. Aprili 2015, siku chache baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa lililoua watu 148, serikali ilizisimamisha kampuni 13 za kutuma pesa, Dahabshiil ikiwemo, hadi Juni. Familia zilizotegemea ndugu wa ng'ambo zilibanwa, kambini na mjini. M-Pesa ilikuwa na umri wa miaka minane na ilifanya kazi kama kawaida katika miezi hiyo yote. Ingekuwa peke yake inatosha, kufungwa kwa hawala kusingeumiza mtu.

Sasa tuje kwenye ada, ambako mapenzi yanagharimu pesa taslimu. Hoja ni kwamba ada ni juu kwa sababu ya serikali. Ina chembe ya ukweli: ushuru kwenye ada za kutuma pesa kwa simu ulianza kwa asilimia 10 mwaka 2013, ukapanda hadi 12 mwaka 2018 na 15 mwaka 2023. Serikali ilaumiwe kwa sehemu yake. Lakini ushuru huo hutozwa juu ya ada, hautozwi juu ya pesa zinazotumwa, na watetezi hulipita jambo hilo bila kulitaja. Pigeni hesabu pamoja nami. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, kumtumia mama shilingi 1,000 hugharimu shilingi 13, na mama akizitoa kwa wakala hukatwa 29. Jumla ni 42. Ushuru ndani ya 42 hizo haufiki shilingi 6. Zinazobaki, zaidi ya 36, ni za kampuni na wakala wake. Aliyewaambia kwamba ada ni kodi amewaonyesha shilingi 6 na kuzificha 36.

Wakibanwa hapo, husema haiwezekani kutoza pungufu. Imewezekana, na iliyofanya hivyo ni Safaricom yenyewe. Kuanzia Machi 2020, wakati wa korona, kwa makubaliano na Benki Kuu, kutuma hadi shilingi 1,000 kulikuwa bure mpaka mwisho wa mwaka. Mwaka wa fedha uliobeba miezi hiyo, ulioishia Machi 2021, kampuni ilipata faida ya zaidi ya shilingi bilioni 68. Faida ilipungua kutoka bilioni 73 za mwaka uliotangulia, ndiyo, lakini hakuna mlingoti uliozimwa kwa umaskini. Na sisi wa mpakani tuna mfano wa pili ambao watu wa Nairobi hawauoni kwa macho. Huduma ya ZAAD ya Telesom ilianza Somaliland mwaka 2009, na EVC Plus ya Hormuud ikaanza Somalia mwaka 2011. Mteja humtumia mteja mwenzake bila ada. Mtetezi makini atajibu kwamba mazingira ni tofauti: huko pesa ni dola, usimamizi wa serikali ni hafifu, na kampuni hufidia gharama kwa njia nyingine. Ni jibu zuri, na ndilo mjadala tunaoutaka: kampuni ituonyeshe gharama yake ni ipi na faida yake ni ipi. Mapenzi huufunga mjadala huo kabla haujaanza. Niongeze neno kwa ndugu zetu wa Mandera wanaoshika laini za Hormuud milingoti ya upande wetu inapolala, na wakaanza kuiimba Hormuud kwa sababu ni ya jamaa. Hilo ni kosa lile lile chini ya jina jingine.

Hoja ya dini ndiyo inayonisikitisha zaidi. Wanasema Safaricom imeheshimu Uislamu wetu, na ushahidi wao ni Halal Pesa, ufadhili usio na riba uliozinduliwa na Safaricom na Gulf African Bank mwaka 2022. Ni huduma njema. Tazameni kalenda yake. M-Shwari ilianza Novemba 2012, ikikopesha kwa ada ya asilimia 7.5. KCB M-Pesa ikafuata 2015. Fuliza ikaja Januari 2019, na makato yake ya kila siku. Kwa miaka kumi Mwislamu wa Garissa alikuwa na njia mbili kwenye simu yake: ajinyime mkopo ambao Mkenya mwenzake aliupata kwa sekunde chache, au achukue anachoamini ni haramu siku mtoto amerudishwa nyumbani kwa karo. Wala utaalamu haukukosekana. Gulf African Bank na First Community Bank, benki mbili za Kiislamu, zilifungua milango Kenya mwaka 2008, miaka minne kabla ya M-Shwari. Kilichokosekana ni sauti ya wateja ya kutosha kuifanya kampuni iharakishe. Na tungepaza sauti vipi, ikiwa kila aliyelalamika aliambiwa ashukuru? Watetezi hujibu kwamba hakuna aliyelazimishwa kukopa. Ni kweli. Lakini mtu asiyelazimishwa kula nyama asiyoweza kuila hajaheshimiwa kwa hilo. Ameachwa na njaa tu.

Misaada nitaipita haraka. Mwaka 2011, ukame ulipotuua, kampeni ya Kenyans for Kenya ilipita lengo lake la shilingi milioni 500, na michango mingi ilipitia M-Pesa. Safaricom Foundation ilikuwa mmoja wa waandalizi pamoja na Msalaba Mwekundu, KCB na vyombo vya habari. Ahsante kwao. Pesa zenyewe zilitoka kwa Wakenya: wanafunzi, mama mboga, walinzi wa usiku. Shukrani kubwa iende kwa hao.

Kisha kuna hoja ya usalama, ambayo hutumiwa kufunga midomo. Inasema magaidi hulipua milingoti, mafundi huhatarisha maisha yao, kwa hiyo anayeilaumu kampuni mtandao unapokatika anasimama upande wa wabaya. Hatari ni ya kweli na sitaipunguza. Januari 13, 2020, huko Kamuthe, waliowaua walimu watatu waliushambulia pia mlingoti wa mawasiliano. Lakini fikirini kwa nini walifanya hivyo. Waliuangusha mlingoti kwa sababu walijua raia asiye na simu hawezi kuita msaada. Basi raia anayeuliza mlingoti utasimama lini anataka kile kile ambacho muuaji hakitaki. Haiwezekani matakwa yanayopingana namna hiyo yakahesabiwa kuwa upande mmoja. Fundi aliyeuawa au aliyejeruhiwa anastahili heshima yetu na familia yake inastahili fidia. Lakini damu yake isitumiwe kumwepusha mkurugenzi na swali la ratiba.

Ndani ya hoja hiyo mmejificha nyingine, ya siri za wateja. Oktoba 2024 gazeti la Daily Nation lilichapisha uchunguzi uliodai kwamba vyombo vya usalama vilifikia taarifa za wateja wa Safaricom kwa njia zisizofuata sheria. Kampuni ilikanusha. Simhukumu mtu kwa madai. Ila katika kaunti ambazo familia bado zinawatafuta vijana waliochukuliwa na watu wasiojulikana, ingetarajiwa sisi ndio tuwe wa kwanza kutaka majibu kamili chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Wapenzi wa kampuni walilikubali kanusho kama ushahidi. Kanusho ni kauli ya upande mmoja wa kesi, na mahakimu mnalijua hilo.

Ya mwisho ni fupi: "Kama huipendi, hamia Airtel." Katika kata ndogo zetu nyingi hakuna pa kuhamia, mlingoti ni mmoja au hakuna. Na mahali ushindani ulipokuwepo, tazameni ulichofanya. Agosti 2010 mdhibiti aliipunguza ada ya kuunganisha simu kati ya mitandao kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika. Zain, ambayo sasa ni Airtel, ikashusha bei ya kupiga simu hadi shilingi 3, na Safaricom ikalazimika kuifuata. Mwaka 2014, baada ya malalamiko ya Airtel kwa Mamlaka ya Ushindani, Safaricom iliwaruhusu mawakala wa M-Pesa kuhudumia mitandao mingine. Mwaka 2018 pesa zikaanza kuvuka kutoka mtandao hadi mtandao moja kwa moja. Kila moja ya nafuu hizo ilitoka kwa mdhibiti, mshindani au mlalamikaji. Katika orodha hiyo sijaona hata moja iliyoletwa na mteja aliyekaa kimya kwa sababu ya mapenzi.

Ombi langu ni dogo na linawezekana wiki hii. Mwendeeni mwakilishi wadi wenu, na mwiandikie Mamlaka ya Mawasiliano. Ulizeni mambo matatu: ni kata ndogo zipi za wadi yenu ambazo bado hazina mawimbi; ni milingoti ipi iliyolala, tangu tarehe gani; na nani ana kandarasi ya kuisimamisha. Mkijibiwa bila tarehe, ulizeni tena.